Ukitaka klasi za entiti zitoke salama, malizana kwanza na koneksheni

Habari zenu wana Java wenzangu, hasa nyie mnaopewa mfumo wa zamani wenye databesi iliyoshiba data za miaka, halafu mnaambiwa "tujengee upya kwa Java ila data zisipotee". Mimi niko Tanga, Ngamiani, na kazi zangu nyingi ni za namna hiyo, kwa hiyo leo nataka niongelee kitu kimoja ambacho kimenila siku nyingi na sipendi kimle mtu mwingine, nacho ni ile sehemu ya kuunganisha databesi kabla hujatengeneza klasi za entiti (klasi za Java ambazo kila moja inawakilisha jedwali la databesi) kutoka kwenye majedwali yaliyopo.

Wengi tunakimbilia kitufe cha kuzitengeneza. Eclipse inacho, NetBeans inacho (hizo ni programu za kuandikia kodi), Hibernate Tools nayo ipo (ya Hibernate, maktaba inayofunga klasi za Java na majedwali), unachagua majedwali, unabonyeza, klasi zinamwagika. Kitufe chenyewe kazi yake ni sekunde tu. Lakini klasi zinazotoka zinafuata kile ambacho draiva, ile programu ndogo inayoiunganisha Java na databesi, imekiona, na draiva inaona kupitia zile herufi ulizoandika kwenye anwani ya koneksheni, sasa ukiandika ovyo utapata klasi zinazokompaili vizuri kabisa na bado ni za uongo. Hapo ndo pabaya, maana kosa halipigi kelele.

Niwape mfano wa kazi yenyewe. Chama kimoja cha wafugaji upande wa Muheza walikuwa na mfumo wa PHP wa kupokea maziwa, databesi ya MySQL, majedwali 14, yote yanakaa kwenye kompyuta moja chini ya meza ya karani. Kila asubuhi mfugaji analeta maziwa, yanapimwa, lita zinaandikwa kwenye kaunta buku na kwenye kompyuta, mwisho wa mwezi analipwa. Nikaambiwa nitengeneze mpya kwa Java.

Kitu cha kwanza nilichokosea, sikuhakikisha naongea na seva ipi. Laptopu yangu ilikuwa na XAMPP (kifurushi chenye seva ya wavuti, PHP na databesi pamoja) na pia nilishaweka MySQL peke yake, moja iko poti 3306 nyingine 3307, na tangu 2015 XAMPP inakuja na MariaDB ndani yake, sio MySQL, kwa hiyo hata tabia zao hazifanani. Nikapoteza nusu siku nashangaa mbona jedwali nililoongeza jana halionekani, kumbe nimeliongeza huku nasoma kule. Siku hizi kabla ya lolote naandika `SELECT DATABASE(), @@port, @@version` kupitia koneksheni ileile ambayo chombo kitaitumia, nikiona majibu ninayoyategemea ndo naendelea.

Draiva nayo isikuchukulie muda mrefu, ila jua mambo mawili. Klasi ya draiva ya MySQL kuanzia toleo la 8 ni `com.mysql.cj.jdbc.Driver`, ile ya zamani isiyo na cj achana nayo. Na kwa wanaotumia Eclipse, ile fomu ya draiva huwa inakuja na jina la faili la jar (faili lenye kodi ya draiva) ambalo huna, la 5.1.0, inakwambia haijalipata, basi usihangaike kulitafuta, lifute kwenye orodha halafu uweke jar yako mwenyewe. Kuiweka jar kwenye projekti peke yake haitoshi, chombo kinachotengeneza klasi lazima nacho kielekezwe ilipo.

Sasa njoo kwenye saa, hapa nataka mnisikilize vizuri maana linatugusa sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Nilipojaribu kuunganisha, koneksheni ikakataa, ikasema thamani ya saa za seva "EAT" haitambuliki au inawakilisha zaidi ya eneo moja. EAT ni sisi hawa, saa za Afrika Mashariki, masaa matatu mbele ya UTC, saa ya rejea ya dunia. Nikaingia mtandaoni, kila jibu nililokutana nalo linasema ongeza `serverTimezone=UTC`, nikaongeza, ikakubali, nikashukuru Mungu nikaendelea na kazi, klasi zikatoka, ripoti ya kwanza nikaichapisha nikapanda gari kwenda Muheza.

Karani wa pale ni mama mtu mzima, nikamwamkia, shikamoo bi mkubwa, marahaba mwanangu, akavaa miwani akachukua ile karatasi na kaunta buku lake akaviweka sambamba mezani. Akawa anashuka mstari kwa mstari na ncha ya kalamu. Lita sawa, jina sawa, tarehe sawa. Akasimama.

"Mwanangu, huyu umemwandika kaja saa tatu na dakika kumi. Saa tatu mie hapa nishaosha madumu."

Akanigeuzia buku. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kwa mwandiko wake. Na sio huyo tu, karatasi nzima kila mtu kasogezwa masaa matatu mbele. Kwenye databesi ilikuwa imeandikwa 06:10 kwa saa zetu, mimi nikaiambia draiva kwamba hiyo ni saa ya UTC, nayo kwa utiifu ikaongeza matatu ikaniletea 09:10. Na ingekuwa nimeshaanza kuandika data mpya ingeenda kinyume, maziwa ya saa kumi na mbili yangehifadhiwa kama ya saa tisa usiku, halafu ule mfumo wa PHP ambao bado walikuwa wanautumia ungesoma hivohivo. Pale wanatofautisha maziwa ya asubuhi na ya jioni kwa saa, yaani mfugaji wa watu angeweza kukosa hesabu yake kwa neno moja nililolichukua mtandaoni bila kulielewa. Jambo lile liliniuma sana.

Jibu la kwetu ni `serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam`, au Africa/Nairobi, zote zinaleta saa ileile. Kuanzia draiva toleo la 8.0.23 walibadilisha, properti inaitwa `connectionTimeZone`, ile ya zamani bado inakubalika, na usipoandika kitu yenyewe inachukua saa za mashine inayoendesha Java. Hata hivyo mimi naandika wazi, maana kesho programu inaweza kuhamishiwa kwenye seva iliyosetiwa UTC.

La pili lililonisumbua, majedwali 14 yakanipa klasi zaidi ya mia. Nikazifungua nikaona majina nisiyoyajua kabisa, ya ndani ya MySQL yenyewe, na mbaya zaidi klasi ya wafugaji ilikuwa na kolamu ambazo jedwali langu halina. Kwenye mashine kulikuwa na databesi nyingine, nakala ya zamani yenye jedwali la jina hilohilo, basi chombo kikazichanganya. Sababu ni kwamba draiva ya toleo la 8 ukiiomba majedwali bila kutaja katalogi (kwa MySQL ndo jina la databesi) inakuletea ya databesi zote unazoruhusiwa kuona, tofauti na ile ya 5.1 ambayo ilikuwa inabaki kwenye uliyoitaja. Weka `nullCatalogMeansCurrent=true` kwenye anwani, na kama unatumia Hibernate Tools ongeza kwenye reveng, lile faili la kuiongoza, ule mstari wa `<schema-selection match-catalog="maziwa"/>`. Wa PostgreSQL nyie taja skima (kundi la majedwali ndani ya databesi), mara nyingi ni `public`, na wa Oracle skima ni jina la mtumiaji kwa herufi kubwa.

Tatu, jedwali la malipo lilikuwa na kolamu `lipwa` ya aina ya tinyint(1), yaani namba ndogo, chombo kikaifanya Boolean, yaani ndiyo au hapana tu. Ukiangalia harakaharaka unaona sawa tu, kalipwa au hajalipwa. Nikaendesha `SELECT DISTINCT lipwa` nikakuta 0, 1 na 2. Nikamuuliza bi mkubwa hiyo 2 ni nini, akasema huyo kachukua advansi, bado anadai kilichobaki. Boolean ingemhesabu kama kalipwa zote. Dawa yake ni `tinyInt1isBit=false`, kolamu inasomwa kama namba na klasi inatoka na namba. Kwa hiyo kila tinyint(1) utakayoiona, iulize thamani zake kabla hujaiamini.

Mwishowe anwani yangu ikawa hivi:

`jdbc:mysql://127.0.0.1:3306/maziwa?serverTimezone=Africa/Dar_es_Salaam&nullCatalogMeansCurrent=true&tinyInt1isBit=false`

Ukiibandika kwenye hibernate.cfg.xml, faili la mipangilio ya Hibernate, kila alama ya & iandike `&amp;` la sivyo faili zima halitasomeka, na kosa litakalotokea halitaji databesi kabisa, utahangaika bure.

Halafu ushauri ninaousisitiza kuliko yote, usitengeneze klasi kwa kuunganisha kwenye databesi inayofanya kazi. Toa muundo peke yake, `mysqldump --no-data`, uupandishe kwenye mashine yako. Kwanza huzunguki na majina na namba za simu za wafugaji kwenye laptopu, na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sio jambo la kuchukulia poa. Pili, nakala unaweza kuirekebisha. Majedwali ya kile chama yalikuwa ya MyISAM, namna ya zamani ya MySQL ya kuhifadhi majedwali, na MyISAM haitunzi funguo za nje (zile zinazofunga jedwali moja na jingine), kwa hiyo mara ya kwanza klasi zilitoka kila moja kivyake, hakuna `@ManyToOne` (alama ya uhusiano kati ya klasi) hata moja, mapokezi yana namba ya mfugaji tu kama namba. Nikabadilisha nakala iwe InnoDB, ambayo inazitunza, nikaongeza funguo za nje mwenyewe, nikabonyeza tena, uhusiano wote ukatoka wenyewe. Jedwali moja halikuwa na ufunguo mkuu (kolamu inayotambulisha kila mstari), Hibernate ikanitengenezea klasi ya kitambulisho yenye kolamu zote ndani, nikaongeza ufunguo kwenye nakala, ikatulia.

Na wakati wote huo hakikisha `hibernate.hbm2ddl.auto`, mpangilio unaoamua kama Hibernate iguse muundo wa majedwali, iko `none` au `validate`. Ukiacha `create` halafu siku moja ukaelekeza kwenye databesi halisi, majedwali yanafutwa na kuundwa upya, matupu. Paswedi usiiache kwenye faili linalopanda gitini, kwenye hifadhi ya kodi. Na kama unatumia Spring Boot 3, mwambie chombo akupe `jakarta.persistence`, sio `javax`, lile jina la zamani la pakeji.

Mara ya pili nilipokwenda Muheza sikupeleka ripoti nzima, nilichapisha mistari kumi tu, bi mkubwa akafungua buku akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa kwanza, saa kumi na mbili na dakika kumi, akaweka vema kwa kalamu nyekundu, akashuka wa pili. Alipofika wa kumi ndo nikafungua laptopu nikaanza kuandika programu.