Jibu: Bajeti ya mfumo wa mauzo na stoo kwa maduka matatu

Salaam ndugu. Umeandika kwamba umepewa bei ya mfumo kwa maduka yako matatu ya vifaa vya ujenzi, na unauliza kama hiyo ndiyo gharama yote. Hapana, hiyo ni ya programu tu.

Anza na orodha ya bidhaa, kabla hujasaini chochote. Sisi, hiyo ndiyo iliyotumaliza. Nondo ya milimita 12 ilikuwa na majina matatu kwenye madaftari yetu: "nondo 12", "Y12" na "nondo nusu inchi". Mfumo ukaona bidhaa tatu, tukawa tunaagiza mzigo ambao tayari umejaa stoo. Vijana wawili walikaa wiki tano kusafisha orodha, na posho yao haikuwa kwenye bajeti.

Pili, misumari inaingia kwa kartoni, inatoka kwa kilo. Mwambie muuzaji wa mfumo akuonyeshe unavyogeuza kartoni kuwa kilo kwa bidhaa yako, siyo kwa mfano wake. Muulize pia kama mfumo unatoa risiti ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) moja kwa moja, maana vinginevyo keshia ataandika kila mauzo mara mbili, na jioni hesabu hazitalingana.

Ada ikiwa ni ya dola kwa kila mtumiaji kila mwezi, ipigie hesabu ya miaka mitatu. Mafunzo yawe na fungu lake.

Washa mfumo kwenye duka moja kwanza, daftari liendelee mwezi mzima pembeni. Je, watumiaji wako ni wangapi?