Kabla ya vidonge vya madini, anzia mashineni

Ukiwa na sukari hapa Mbeya, hukosi mtu wa kukuuzia kopo la "madini ya kurekebisha kongosho". Muuzaji huyo mimi humuuliza tu: nyumbani kwako mnakula dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, au sembe, ule wa yaliyokobolewa? Wengi hucheka.

Nina kisukari aina ya pili, na ushauri wangu unaanzia mashineni. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini hutoka, na sehemu kubwa ya magnesiamu na zinki huondoka humo. Sisi tunabaki na unga mweupe pee, pumba inakwenda kwa wafuga nguruwe. Nguruwe wa Uyole wananawiri, sibishi.

Magnesiamu huisaidia insulini, ile homoni ya kongosho inayoingiza sukari kwenye seli, kufanya kazi yake. Ikipungua, insulini inaweza kuwepo na bado seli zikawa sugu. Tena sukari ikipanda sana, figo humwaga magnesiamu nyingi kwenye mkojo, kwa hiyo anayeihitaji zaidi ndiye anayeipoteza. Baadhi ya vidonge vya presha, vile vya kukojoza, navyo hushusha magnesiamu na potasiamu, na potasiamu ikishuka kongosho hutoa insulini kwa shida. Kama unavimeza, mwombe daktari akupime. Usiviache kwa uamuzi wako.

Kwangu ni dona, maharage yaliyolala kwenye maji, na majani ya maboga. Mbegu za maboga msitupe jamani! Nazikaanga kavu mpaka zianze kudatadata, natafuna kiganja kimoja jioni. Parachichi la Rungwe lina potasiamu ya kutosha. Nakula nusu, na ugali napunguza. Maana dona nayo ni wanga, na matonge yakizidi kipimo cha asubuhi kitakuumbua.

Mwenye figo mbovu asinifuate kwenye parachichi na mbegu bila daktari wake. Figo zikichoka, potasiamu hujaa kwenye damu, na ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Kwa mtu huyo hata kopo la madini ni hatari.

Dona usisagishe gunia zima. Kiini kina mafuta, kwa hiyo unga huchacha upesi. Chagua mahindi kwanza, toa yenye ukungu na yaliyotobolewa, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ikiwemo, dona hubaki nayo nyingi kuliko sembe. Halafu simama karibu na mashine. Kijana akizoea kukoboa atakukobolea hata kama umemwambia dona.