Fundi Anajibu: Ethanoli, Kompresheni na Injini Isiyo na Rejeta

SWALI: Ndugu Fundi, nakusalimu. Ninaishi Des Moines, katika jimbo la Iowa, Marekani, na nina pikipiki ya magurudumu manne aina ya Honda TRX400EX. Huku kwetu mafuta ya E85, yaani petroli iliyochanganywa na ethanoli (pombe) nyingi, yanauzwa vituoni kwa bei iliyo chini ya petroli. Nimenunua pistoni ambayo boksi lake limeandikwa 12:1, yaani kompresheni inayobana mchanganyiko wa hewa na mafuta hadi sehemu moja ya kumi na mbili, kwa nia ya kuendesha kwa mafuta hayo peke yake. Rafiki mmoja anasema injini inayopozwa kwa hewa itaungua. Mwingine anasema nipande hadi 14:1 kwa sababu ethanoli haigongi, yaani hailipuki ovyo ikibanwa. Nimsikilize yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki wa kwanza amekosea kuhusu joto, na wa pili amesema nusu ya kweli. Ethanoli safi ina oktani (kipimo cha kustahimili kugonga) ya karibu 108 kwa kipimo cha maabara, kwa hiyo huvumilia kubanwa kuliko petroli. Tena kila kilo yake, inapogeuka mvuke, hunyonya joto takriban mara mbili na nusu ya lile linalonyonywa na petroli, na kwa kuwa injini huhitaji ethanoli nyingi zaidi kwa kiasi kilekile cha hewa, upoaji wa jumla unakaribia mara nne. Kwa injini isiyo na rejeta hiyo ni neema. Wabrazili waliliona jambo hili zamani: Fiat 147 ya ethanoli iliingia barabarani mwaka 1979, na mwaka 2009 Honda ilianza kuuza huko CG 150 Titan Mix, pikipiki inayopozwa kwa hewa na kutumia petroli, ethanoli au mchanganyiko wa vyote viwili.

Hata hivyo, kutogonga si sawa na kutowaka kabla ya wakati. Ethanoli inastahimili kugonga, lakini ikikutana na kitu chenye moto mwekundu, kama ncha ya plagi, ukingo wa valvu ya ekzosi au kipande cha kaboni, huwaka kabla plagi haijarusha cheche, na pistoni hutoboka bila kutoa onyo la sauti. Silinda ya mapezi, yaani inayopozwa na upepo, hupata joto lisilo sawa, hasa unapotambaa taratibu matopeni bila upepo wa kutosha. Kwa sababu hiyo nakushauri ubaki kwenye 12:1, ukwangue kaboni yote, ulainishe kingo kali ndani ya hedi (kifuniko cha silinda), na uweke plagi iliyo baridi zaidi kwa hatua moja, yaani inayopoteza joto haraka zaidi. Taimingi, yaani wakati wa plagi kurusha cheche, iache ilivyotoka kiwandani mpaka injini itakapokuwa imetulia.

Usiyaamini maandishi ya boksi. Injini yako ina silinda yenye upana wa milimita 85 na mwendo wa pistoni wa milimita 70, yaani sentimita za ujazo 397. Kwa 9.1:1 ya kiwandani, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni sentimita za ujazo 49. Kwa 12:1 inabaki 36. Kwa 14:1 ni 30 na kidogo. Tofauti kati ya injini ya kawaida na hiyo unayoitaka haijazi hata kijiko cha mezani, na gasketi nene au hedi iliyowahi kukwanguliwa inatosha kuivuruga. Ipime mwenyewe. Paka grisi nyembamba kuzunguka ukingo wa pistoni, ilete juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, funga hedi na gasketi yake, ulaze injini ili tundu la plagi liangalie juu, kisha ujaze oili nyepesi kwa bomba la sindano hadi mwanzo wa nyuzi za plagi. Ikiingia 38, gawanya 397 kwa 38 na uongeze 1: unapata 11.4, wala si 12. Kabla ya hapo, bandika udongo wa kuchezea juu ya pistoni na uzungushe injini kwa mkono mara mbili, ili uone kama valvu zina nafasi; mimi sikubali chini ya milimita 1.5 upande wa kuingiza na 2 upande wa ekzosi.

Hayo yote ni rahisi. Penye kuunguza pistoni ni kwenye kabureta, inayochanganya hewa na mafuta. Petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja, ethanoli safi 9 tu, hivyo E85 ya kiangazi inadai mafuta zaidi kwa takriban asilimia 40 ya ujazo. Tundu la jeti kuu (kijitundu kinachopitisha mafuta) lenye kipenyo cha milimita 1.50 litapaswa kufika karibu 1.78, na jeti ndogo pamoja na sindano navyo vipandishwe. Wengi wanakomea hapo. Mimi niliwahi kukomea hapo pia, nikatoboa pistoni ya mteja baada ya mbio ndefu za kasi kamili: jeti ilikuwa kubwa ya kutosha, lakini bakuli la floti (linaloweka akiba ya mafuta ndani ya kabureta) lilikuwa linakauka kwa sababu tundu la kuingizia mafuta na koki ya tangi vilikuwa vya petroli. Basi chomoa mpira wa mafuta, uache yatiririke katika chombo kwa dakika moja, upime kama yanatosha kwa kasi kamili.

Jambo la pili linahusu jina lenyewe. E85 ya Marekani si asilimia 85 siku zote. Kanuni inaruhusu ethanoli kati ya asilimia 51 na 83 kulingana na majira na mahali, na wakati wa baridi huongezwa petroli ili magari yawake. Mafuta ya asilimia 51 yanahitaji ongezeko la asilimia 20 hivi tu. Ukirekebisha jeti Januari, injini itakwenda vizuri. Mwezi Mei utaweka mafuta ya kiangazi na mchanganyiko utakuwa mkavu, yaani mafuta machache mno kwa hewa iliyopo, na hapo ndipo hatari ilipo. Pima kila unapojaza: mililita 50 za mafuta na 50 za maji katika chupa ya vipimo, tikisa, uache vitengane. Tabaka la chini likisoma 85, ethanoli ni 35 kati ya 50, yaani karibu asilimia 70.

Mipira ya zamani ya mafuta ibadilishe kwa ile inayostahimili ethanoli, na beba chujio la akiba, kwa kuwa ethanoli huyeyusha uchafu wa tangini na kuuleta kwenye jeti. Oili ibadilishe mapema kuliko ulivyozoea. Asubuhi ya baridi kali usitarajie injini iwake kwa choki peke yake.

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Kilosa. Je, gongo inaweza kuendesha bodaboda?

JIBU: Marahaba. Gongo ya kawaida ina maji mengi mno, na injini haitawaka. Ikichemshwa na kukusanywa tena na tena hufika karibu asilimia 96 na kukwama hapo, kwa sababu ethanoli na maji huanza kuchemka pamoja. Kiwango hicho injini iliyorekebishwa inakiweza, ingawa kibali cha kutengeneza ni suala la kuuliza serikalini na si kwangu. Usiimimine gongo katika tangi lenye petroli: maji yatajitenga na kuzama, nayo koki ya bodaboda inanyonya kutoka chini.