Injini ya baiskeli: hesabu spoki kwanza

Kila anayeniona nikikatiza Kihonda, hapa Morogoro, juu ya baiskeli inayonguruma huuliza swali lilelile: injini umeitoa wapi? Mimi humrudishia lake: tairi lako la nyuma lina spoki ngapi? Wengi hucheka. Na mimi ningecheka, ila zangu 11 zilikatika kwa mara moja. Nilikuwa natoka shamba Sangasanga, nateremka njia ya vumbi, kikaza cheni, kile kigurudumu kinachobana cheni ya injini isilegee, kikazunguka kwenye fremu kikaingia ndani ya spoki. Baiskeli ilisimama palepale. Mimi niliendelea.

Injini yenyewe ni ile ya Kichina ya tustroku (mipigo miwili) inayokaa katikati ya fremu. Seti inakuja kwenye boksi moja: injini, tenki, kabureta, bomba la moshi, spoketi (lile duara la meno linalovutwa na cheni), cheni na fungu la waya. Muuzaji wangu aliandika cc 80. Pistoni ina kipenyo cha milimita 47 na inapanda na kushuka milimita 38. Piga hesabu utaona ni cc 66 tu. Sikugombana naye, maana hata hizo 66 ni nyingi kwa baiskeli.

Kabla hujatuma hela, chukua uzi uzungushie yale mabomba mawili ya fremu yatakayobeba injini, la siti na lile linaloteremka kutoka kwenye usukani. Ukipima uzi ukapata kama sentimita 9, vishikio vya injini vitaingia bila matata. Mauntenibaiki nyingi za aluminiamu zina bomba nene kuliko hapo, na zile zenye springi nyuma hazina hata nafasi ya injini kukaa. Mimi nilitafuta ya mtumba, fremu ya chuma, nzito kama jiwe, na sijajuta.

Sasa turudi kwenye tairi la nyuma, maana ndipo kazi ilipo. Cheni ya pedeli inabaki kulia, ya injini inakaa kushoto. Spoketi yake kubwa, yangu ina meno 44, haifungwi kwenye habu, kile kitovu cha tairi. Inabana spoki zenyewe: mpira mmoja ndani, mwingine nje, vipande vitatu vya chuma, halafu bolti 9. Matundu hayo 9 yamepangwa kwa tairi lenye spoki 36, yaani kila baada ya spoki nne bolti moja. Ukiwa na spoki 32, bolti nyingine zinaangukia juu ya spoki, na hapo watu huanza kupinda vitu kwa nyundo. Usipinde. Tafuta ringi ya spoki 36. Na kama breki yako ya nyuma ni ya diski, jua kwamba diski nayo inakaa kushoto, palepale spoketi inapotaka kukaa. Itabidi uitoe urudi kwenye breki za kubana ringi.

Kuiweka spoketi katikati kulinila jioni mbili. Geuza baiskeli miguu juu, shika chaki karibu na meno, zungusha tairi taratibu. Chaki ikigusa upande mmoja tu, legeza, sogeza, kaza tena kwa kuvuka: bolti hii, kisha ya upande wa pili, usizifuate kwa duara. Mara ya kwanza niliiacha ikicheza kidogo nikajisemea itajinyoosha yenyewe. Haikujinyoosha. Cheni ilikuwa ikilegea na kukaza kila mzunguko, ndiyo iliyokisukasuka kile kikaza mpaka kikageuka. Baada ya ajali, fundi wa kuchomelea alinishikizia kipande cha bapa kwenye fremu, kikaza hakiendi popote tena. Hilo ni kwa fremu ya chuma. Ya aluminiamu usimruhusu aisogelee na moto.

Mafuta: injini hii haina oili yake pembeni, oili inachanganywa na petroli. Tenki za mwanzo, sehemu 16 za petroli kwa 1 ya oili, yaani kama mililita 62 kwa lita. Baadaye nimehamia 20 kwa 1, mililita 50. Napimia bomba la sindano la duka la dawa. Oili iwe ya 2T, yaani ya tustroku, ile ya chenso (msumeno wa injini); ya bodaboda si yake.

Waya usiziogope. Bluu kwa bluu, nyeusi kwa nyeusi. Ule mweupe mimi siuungi popote, nimeuziba kwa selotepu. Kuwasha ni kama kusukuma gari lililokufa betri: bana klachi, piga pedeli mpaka upate mwendo, achia.

Mtetemo ndio utakaokusumbua kila siku. Wiki ya kwanza nilikuwa nakaza nati kila nikifika nyumbani, injini ikiwa imepoa, na bado moja ya bomba la moshi iliniponyoka njiani. Watoto wa mtaani wakaniita Mashine ya Kusaga, jina limebaki.

Mwendo wangu ni kama kilomita 35 kwa saa, sizidishi. Itakwenda zaidi, lakini breki za baiskeli hazikutengenezwa kwa hilo, nami vumbi la Sangasanga nimeshalionja. Helmeti ni ya pikipiki, na barabara kuu ya Iringa naikwepa. Trafiki hana muda wa kusikiliza kwamba hicho kinachotoa moshi ni baiskeli. Masuala ya usajili na bima ulizia kabla hujafunga bolti ya kwanza.

Chini ya siti nina mfuko: plagi moja, kiungo cha cheni, spana namba 10, na spoki sita nilizozifunga kwa mpira wa tyubu.