Harufu Ile Haikuwa ya Lori

Juzi nimekaa Igoma, hapa Mwanza, nakunywa chai, akapita kijana na brekidauni anaburuza Harrier ya fowili, yaani injini inazungusha tairi zote nne. Mbele kainyanyua, nyuma tairi zinazunguka zenyewe kuelekea Kisesa, muziki juu. Nikapunga mkono, nikapiga mluzi. Akanijibu kwa honi, akidhani namsalimia. Haya, wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuvuta magari, ngoja niandike.

1. Kabla hujashusha mnyororo, inama. Chungulia kama kuna propela shafti (bomba refu linalopeleka nguvu nyuma) na difu (gia za katikati ya tairi za nyuma). Msiniambie "IST zote zinavuta mbele", za fowili zipo, na mwenye gari mara nyingi hana habari. Inayovuta mbele, nyanyua mbele na uachie handibreki. Inayovuta nyuma, nyanyua nyuma na ufunge stelingi isichezecheze. Fowili ipande mgongoni mwa kariya, lile lori la kubeba gari zima, tairi zote nne ziwe juu. Imeisha hiyo.

2. "Niliweka nyutro" si utetezi. Gia boksi ya auto inalainishwa na mafuta yanayosukumwa na pampu, na pampu inazungushwa na injini. Injini imezimwa, tairi zinazunguka, basi vyuma vya ndani vinasagana vikavu. Hili sikulisoma mahali.

Ilikuwa enzi za kivuko, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi. Mama mmoja, mwalimu, alikuwa anatoka Sengerema na Forester yake ya auto, nayo fowili. Kushuka tu upande wa Kigongo, gari likazima. Bosi akaniambia kwenye simu: usiiguse, subiri kariya irudi kutoka Magu. Mimi naona jua linashuka, mteja amesimama, na hela ya safari ile nilishaitumia yote kichwani. Nikainyanyua mbele, nikaingia barabarani. Mama kakaa pembeni yangu, madaftari ya wanafunzi mapajani, kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha.

Hatujafika Usagara, harufu ikaanza. Harufu ya klachi iliyoungua, na mafuta ndani yake. Mbele yetu kulikuwa na lori la mchanga.

"Mwanangu, hiyo harufu si ya gari langu?"

"Hapana mama, ni breki za lori hilo."

Akasema haya, akaendelea kuweka alama za vema na za kosa. Mimi moyo ulishanipasuka, ila mguu ulikataa kukanyaga breki. Nikisimama nitamwambia nini? Bosi je? Nikajipa moyo kwamba ni lori kweli. Tulipofika Usagara, lori likakata kulia kwenda Misungwi, sisi kushoto kuja mjini. Harufu tukaja nayo. Mama akanitazama, akafunga kalamu yake, akapandisha kioo. Hakuuliza tena mpaka gereji, na ile njia ya Buhongwa sijawahi kuiona ndefu vile.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa pampu ya petroli. Kesho yake mchana fundi kaibadilisha, gari limewaka vizuri kabisa. Akaweka D, ikatoka sauti kama mtu anasaga mchanga kwenye kinu. Walipomwaga mafuta ya gia yalikuwa meusi, yananuka ugali ulioungua, chenga za chuma zimetulia kwenye sampo, beseni la mafuta la chini. Sahani za klachi za fowili, kule nyuma ya gia boksi, hazikuwa na kitu. Mama akamsikiliza fundi mpaka mwisho, kisha akanigeukia: "Lile lori lilikuwa la nani?" Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Bosi alinunua gia boksi ya mtumba, mimi nikakatwa kila Jumamosi kwa miezi saba. Nilikula dagaa mpaka nikawa nawaota.

3. Piga picha pande zote nne na dashibodi kabla hujagusa kitu, mwenye gari akiwepo.

4. Mnyororo haufungwi kwenye stebilaiza wala tai rodi, vile vyuma vyembamba vya chini kwenye tairi, wala bampa. Jicho la kuvutia gari, pete ya chuma ya kufungia mnyororo, lipo kwenye buti, karibu na jeki, na tundu lake lina kifuniko kidogo kwenye bampa. Volkswagen nyingi hulifunga kwa kuzungusha kinyume, usilazimishe spana. Na kuvuta kwa kamba, jamani, injini ikizimwa breki na stelingi vinakuwa vigumu. Mnawaweka watoto wa shangazi zenu kwenye usukani wa gari bovu mteremko wa Mabatini, halafu mnashangaa wakiwagonga nyuma.

5. Ukishaharibu, simama pale pale. Gari lisiwashwe "kujaribu". Mwenye gari alisikie kwako kabla ya fundi, na fundi amchague yeye, asiwe rafiki wa bosi wako. Andikeni nani analipa nini na mpaka lini, msaini wote. Usimtume kwa watu wa bima ili umkimbie: kama ana bima ndogo, ile ya kulipa hasara za wengine tu, gari lake mwenyewe hailigusi.

Yule mama amestaafu, namba yangu anayo bado. Mwezi uliopita kapiga, gari la mwanawe limekwama Nyegezi. Nimesema shikamoo, hajaitikia.

"Unakuja na kariya?"