Nimechoka, hamu imeisha, na sindano ziko kabatini

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 52. Ni zaidi ya mwaka sasa mwili haunitii. Nikitoka kazini nasinzia kwenye kiti hata kabla ya kula. Kitambi kimeongezeka, nakasirika kwa mambo madogo, na hamu ya tendo la ndoa imeshuka mpaka mke wangu anahisi nina mwanamke mwingine. Kuamka asubuhi uume umesimama, jambo lililokuwa la kawaida, sasa hutokea mara chache sana. Hii ni ndoa yangu ya pili. Mke wangu ana miaka 36 na tunatafuta mtoto. Rafiki ninayefanya naye mazoezi aliniambia homoni za kiume zimeniishia. Nikapita maabara saa kumi jioni, nikapimwa testosteroni, ikatoka 280, na karatasi inasema chini ya 300 ni upungufu. Rafiki huyo kaninunulia chupa nne za sindano. Yeye anajichoma tangu mwaka jana na anasema amerudi ujanani. Ziko kabatini, sijazigusa. Mke wangu hajui lolote. Je, nianze?

Marahaba, mwanangu. Usizichome. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri ukafikiri, ila hili haliwezi, na sababu kubwa ni huyo mtoto mnayemtafuta.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Ndiyo inayoziamuru korodani, kwa homoni zake zinazosafiri kwenye damu, zitengeneze testosteroni na mbegu. Ubongo nao hauachi kupima ni kiasi gani cha testosteroni kimo kwenye damu. Ukijichoma ya dukani, ubongo unaona imetosha na kupita kiasi, unakata amri. Korodani zinaacha kazi, zinasinyaa, mbegu zinapungua, na kwa wanaume wengi zinakwisha kabisa. Utajiuliza, mbona homoni nimeiongeza? Ni kwamba mbegu hukomaa ndani ya korodani, ambamo testosteroni huwa nyingi mara nyingi zaidi kuliko ile iliyo kwenye damu, na sindano haiwezi kuijaza humo. Njia hii inafanya kazi kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliwahi kusimamia majaribio ya sindano za testosteroni kama uzazi wa mpango wa wanaume. Sasa rafiki yako amekupa, kwa nia njema kabisa, dawa ya kuzuia mimba wakati mkeo anahesabu siku zake. Mwanamume akiacha sindano, mbegu hurudi kwa miezi kadhaa, wengine huchukua mwaka na zaidi, na wapo ambao hazirudi kama zilivyokuwa. Mke wa miaka 36 hana muda wa kupoteza namna hiyo.

Tuje kwenye hiyo 280. Testosteroni hupanda usiku ukiwa usingizini, hufika kileleni asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyokwenda. Chakula nacho huishusha. Wewe umepimwa saa kumi jioni, umeshakula, umeshachoka na kazi. Kipimo kinachoaminika huchukuliwa kabla ya saa nne asubuhi, hujatia kitu tumboni, tena kwa siku mbili tofauti, na usiwe unaumwa hata homa. Zikitoka chini zote mbili, hapo ndipo daktari huanza kuuita upungufu, na hata hivyo huangalia dalili pamoja na namba. Ile 300 iliyo kwenye karatasi yako ni nanogramu kwa desilita. Ndiyo mpaka unaotumiwa na chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, ilhali wenzao wa homoni hukohuko wanatumia 264. Kwa hiyo 280 ya jioni haijakuambia chochote cha kukufanya ushike sindano.

Na kwa kuwa umetaja kitambi, kuna jambo ambalo maabara nyingi hazilielezi. Sehemu kubwa ya testosteroni husafiri imeshikiliwa na protini, na wanaume wenye uzito mkubwa huwa na upungufu wa protini mojawapo, iitwayo SHBG. Jumla ikipimwa inaonekana ndogo, kumbe ile iliyo huru, ambayo mwili unaitumia moja kwa moja, inatosha. Mwambie daktari akupime na hiyo SHBG. Apime pia homoni za pituitari, yaani LH na FSH, na prolaktini. Kwa hizo atajua kama hitilafu iko kwenye korodani zenyewe au huko juu kwenye tezi, maana mara chache huwa ni uvimbe wa pituitari, na uvimbe hauponywi kwa sindano ya misuli.

Watu wamezoea kusema mwanamume akifika hamsini homoni inakatika. Haikatiki. Hupungua taratibu, kama asilimia 1 kwa mwaka kuanzia miaka ya thelathini au arobaini, na wengi wanafika uzeeni wakiwa na ya kuwatosha. Mwaka 2010 watafiti wa Ulaya walichapisha matokeo ya wanaume 3,369 wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Walipotaka homoni iwe chini kweli, na mtu awe na dalili tatu za tendo la ndoa kwa pamoja (hamu kushuka, kutosimama asubuhi, na kushindwa kusimama wakati wa tendo), waliopatikana na upungufu wa utu uzima walikuwa asilimia 2.1 tu. Uchovu walikuwa nao wengi, wakiwemo wenye homoni tele. Dalili zako mbili ziko kwenye hizo tatu, ndiyo maana sikupuuzi na nataka upimwe upya. Lakini uchovu peke yake hauonyeshi kidole kwenye testosteroni.

Hukuniambia kama unakoroma. Pengine hujui, muulize mkeo. Muulize pia kama kuna nyakati pumzi yako inakatika usingizini halafu unashtuka ukihema. Mtu anayesinzia kwenye kiti kabla ya chakula, mwenye kitambi kinachokua, mwepesi wa hasira, hamu imepotea, mimi jambo la kwanza ningelitazama usingizi wake. Pumzi ikikatika mara nyingi usiku, mwili haupati ule usingizi mzito ambao ndani yake testosteroni hutengenezwa. Vijana wenye afya walioruhusiwa kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, katika utafiti uliotoka mwaka 2011, testosteroni yao ya mchana ilishuka kwa asilimia 10 hadi 15. Hao ni vijana, na ni wiki moja! Na ubaya wa sindano ni kwamba inaweza kuizidisha hiyo hali ya kukatika kwa pumzi.

Kitambi chenyewe nacho kina kazi yake humo ndani. Mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni, yaani homoni ya kike, na unene pia huudhoofisha ule ujumbe wa pituitari. Homoni ikishuka, misuli inapungua na mafuta yanaongezeka, na mafuta yakiongezeka homoni inashuka tena. Habari njema ni kwamba mzunguko huu hurudi nyuma: wanaume wanene wanaopunguza uzito kwa kiasi cha kutosha, homoni yao hupanda bila kuchomwa chochote, na mbegu hazidhuriki.

Kuna na mengine ambayo daktari atayapima kwa damu ile ile: sukari, wingi wa damu, tezi ya shingoni. Mpelekee pia dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hupunguza nguvu za kiume, na dawa kali za maumivu za jamii ya opioidi hushusha testosteroni kabisa. Pombe mwambie kwa kiasi chake cha kweli. Na ikiwa moyo wako umekuwa mzito, mambo uliyoyapenda hayana ladha tena, liseme na hilo, kwani sonona huja na uchovu huu huu na kupotea kwa hamu huku huku, na wanaume wengi huiita kuchoka mpaka iwaangushe.

Lakini kuna jambo ambalo kama utasahau yote, hili usilisahau. Mishipa ya damu inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba kuliko ya moyo. Mafuta yanapoanza kuganda kwenye mishipa, ile myembamba huonyesha dalili mapema, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Mwanamume wa miaka 52 ambaye uume umeanza kulegea anastahili kupimwa shinikizo, kolesteroli, sukari na moyo, homoni yake iwe juu au chini. Ungejichoma sindano, ukasikia nafuu kidogo, ukaendelea na maisha, onyo hilo lingekupita.

Sasa rafiki yako aliyerudi ujanani. Simwiti mwongo. Inawezekana alikuwa na upungufu wa kweli, na mwenye upungufu wa kweli husaidika. Ila tumaini nalo lina nguvu kubwa mwilini. Mwaka 1889 daktari mashuhuri aitwaye Brown-Séquard, akiwa na miaka 72, alijichoma maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za wanyama wengine wadogo, akatangaza mbele ya wanasayansi wenzake mjini Paris kwamba nguvu zake zimerudi. Habari ikaenea duniani, wanaume wakaikimbilia. Kumbe testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kilichokuwa ndani ya sindano ile ni kama hakuna. Ndiyo maana utafiti wa siku hizi hulinganisha dawa na kitu kisicho dawa. Mwaka 2016 yalitoka majaribio ya wanaume 790 wenye miaka 65 na zaidi waliokuwa na testosteroni ya chini kweli: nusu walipewa jeli yenye homoni, nusu jeli tupu, mwaka mzima. Hamu na tendo la ndoa viliongezeka kwa kiasi. Ule uchovu, ambao ndio ulioanza nao barua yako, haukuonyesha tofauti ya maana.

Madhara nayo uyajue jinsi yalivyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,200 wenye moyo ulio hatarini, haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo wala kiharusi, na hilo lilituliza wengi. Uliona hata hivyo mapigo ya moyo kwenda ovyo, damu kuganda kwenye mapafu na figo kuumia vikitokea zaidi kwa waliopewa homoni. Homoni hii pia huzidisha chembe nyekundu mpaka damu inakuwa nzito, ndiyo maana anayetibiwa hospitalini hupimwa damu na tezi dume kila baada ya muda. Rafiki yako nani anampima? Na hizo chupa zisizo na cheti cha daktari, hakuna anayeweza kukuhakikishia kilichomo. Hali kadhalika vidonge vya "nguvu za kiume" vinavyoitwa vya asili: vingi vimekutwa vimechanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ya hospitalini ya kusimamisha uume, ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti inaweza kuua.

Vipimo viwili vya asubuhi vikithibitisha upungufu, tiba ipo na si aibu kuitumia. Mwambie daktari mapema, kabla hajaandika chochote, kwamba mnataka mtoto. Kwa mwanamume kama wewe wanaweza kutumia dawa zinazoziamsha korodani zifanye kazi yenyewe, kama klomifeni au homoni ya hCG, badala ya kumpa testosteroni. Na mbegu zako zipimwe sasa, sambamba na vipimo vya mkeo.

Hapo ndipo lazima umhusishe, mwanangu. Mficha uchi hazai, na kwako imekuwa hivyo hasa. Mkeo amelala kando yako zaidi ya mwaka akijiuliza huyo mwanamke mwingine ni nani na ana nini asichokuwa nacho yeye. Ukweli wako ni mwepesi kuliko uongo anaojiambia. Usingoje majibu ya hospitali. Mtafute wakati hamna haraka, si kitandani baada ya kushindwa, umwambie hivi: "Sina mtu mwingine. Mwili wangu umebadilika, naogopa, na nimekuwa nikikukwepa kwa sababu naona aibu." Kisha mwonyeshe zile chupa, umweleze zilifikaje. Anaweza kukasirika kwa kufichwa. Mwache akasirike, usijitetee. Halafu mwombe muende wote kwa daktari, maana yeye ndiye anayejua unavyolala.

Chupa zipelekeni hospitali zikaharibiwe, usimrudishie rafiki yako. Na yeye mwambie akapimwe damu, shinikizo na tezi dume. Asiache ghafla kwa kukusikia wewe, kwani korodani zake zimeshazoea kukaa bila kazi na anahitaji daktari wa kumtoa humo taratibu. Wewe, ukibanwa na kifua, au pumzi ikikuishia kwa kazi ndogo, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usingoje siku ya miadi. Nenda siku hiyo hiyo.