"Kunusurika kwa saratani": aliyenusurika ni nani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, naishi Pasua, Moshi. Nimepewa kazi ya kuandaa bango la Kiswahili kuhusu utafiti wa saratani ya utumbo mpana. Kichwa nilichoandika ni "Alama za Seli Mama kama Watabiri wa Kunusurika kwa Saratani ya Utumbo na Rektamu". Mwenzangu anasema hakieleweki. Mimi naona kila neno liko kwenye kamusi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako. Huenda maneno yako yote yamo kwenye kamusi, lakini yakikaa pamoja yanasema usilokusudia.

Tuanzie mkiani. Tukisema kuondoka kwa basi, kilichoondoka ni basi. Kufika kwa mgeni, aliyefika ni mgeni. Sasa "kunusurika kwa saratani", aliyenusurika ni nani? Ni saratani! Mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali na mzazi wake akisoma hivyo, atashtuka.

Hata ukirekebisha hiyo "kwa", neno kunusurika lenyewe lina harufu ya ajali: gari limepinduka, abiria kumi wamenusurika. Ni jambo la mara moja na lina bahati ndani yake. Watafiti wa saratani hawahesabu hivyo. Wao huuliza, kwa mfano, ni wagonjwa wangapi bado wako hai miaka 5 baada ya ugonjwa kugunduliwa. Aliye hai huenda bado anatibiwa, kwa hiyo kupona nako hakufai. Sema "kuendelea kuishi", au "muda wa kuishi".

"Watabiri" nao wameingia kwa mlango wa watu. Mtabiri ana kinywa, na mara nyingi anadai ada. Kutabiri kwenyewe kumetoka kwenye Kiarabu, ambako asili yake ni kufasiri ndoto. Leo tunatabiri mvua na mabao. Ukimwambia mgonjwa kwamba seli zake "zimetabiri", ataelewa kwamba hukumu imeshatoka. Kubashiri ndiyo kabisa usikuguse: asili yake ni bishara, habari njema, na habari hizi si njema kila mara. Tumia kuashiria. Kinachoashiria huonyesha upande, hakiapi.

Hapo tunafika kwenye "alama", na hapa sikupingi moja kwa moja. Mfugaji huweka alama kwenye sikio la ng'ombe ili amtambue kundini. Protini iitwayo LGR5 inafanya kazi kama hiyo: mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwa panya kwamba inazitambulisha seli zinazozalisha upya ngozi ya ndani ya utumbo, ngozi ambayo hubadilika kila baada ya siku chache tu. Protini nyingine, CD133 na CD44, nazo hutumika kusaka seli za namna hiyo ndani ya uvimbe. Basi hiyo ni alama, kwa maana inatambulisha seli. Alama hiyo ikituambia jambo kuhusu maisha ya mgonjwa, inakuwa kiashiria. Na si kila alama imefikia cheo hicho: kuhusu CD133, matokeo ya tafiti hayajakubaliana, na daktari bado hutegemea kwanza hatua ambayo saratani imefikia. Ndiyo maana namwogopa huyo mtabiri wako.

"Seli mama" iache. Katika biolojia ya shuleni, seli mama ni seli yoyote inayogawanyika kutoa seli binti. Unayoitaka ni selishina, yaani seli ya aina ile inayozalisha upya seli nyingine. Nimeiunga kama tulivyounga selimundu, bila "za" katikati. Usiwaze shina la mti uliokatwa ukafa. Waza mgomba wa kihambani. Unaukata, siku chache baadaye unachungulia tena, kwa sababu shina lake halisi liko chini ya udongo. Hilo refu tunaloliita shina ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana tu. Wanaotafuta selishina za saratani wana shaka kama hiyo: huenda dawa hufyeka kilicho juu, na kilichobaki chini kikachipua upya.

Rektamu ina jina la Kiswahili, puru, ila wodini wengi watakuuliza ni nini. Kwa hiyo kichwa kiwe: "Viashiria vya Selishina na Muda wa Kuishi wa Wagonjwa wa Saratani ya Utumbo Mpana na Puru". Chini yake, kwa herufi ndogo, andika kwamba puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, karibu na njia ya haja kubwa. Usione haya kuitaja. Damu kwenye choo huanza kufichwa pale watu wanapokosa neno la kuisemea.